Taa Zifuate Miguu

(Hotuba ya Kamati Ndogo ya Njia na Taa, iliyosomwa mbele ya wakazi, viongozi na wafanyakazi wa mashirika katika kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Imechapwa hapa kama ilivyosomwa.)



Tunashukuru kupewa nafasi hii. Hatutaizungumzia historia yote ya kambi yetu, kwa sababu wazee waliotutangulia kusema wamekwisha kuieleza vizuri. Sisi tumekuja na jambo moja tu. Tumeahidiwa nguzo 12 za taa za sola, na swali lililo mbele yetu ni hili: nguzo hizo zisimame wapi?

Swali hili linaonekana jepesi. Sisi wenyewe tulidhani ni jepesi, na ndiyo maana inatupasa kuanza kwa kukiri kosa.

Mpango wa kwanza tuliuchora sisi viongozi tukiwa tumeketi chini ya mwembe wa ofisi, na ulituchukua muda wa nusu saa. Tuliweka nguzo 4 kwenye lango kuu, 4 kando ya barabara ya magari inayoingia ofisini, 2 mbele ya ghala, na 2 kwenye uwanja wa mikutano. Karatasi ilipendeza. Tulipoisoma kwenye mkutano wa mtaa, mama mmoja mzee alisimama akauliza, "Wanangu, hiyo ofisi hufungwa saa ngapi?" Tukamjibu kwamba hufungwa saa kumi na moja jioni. Akauliza tena, "Na jua hutua saa ngapi?" Halafu akaketi.

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumepanga kuwasha taa mahali ambapo usiku hapapiti mtu, isipokuwa mlinzi, naye ana tochi yake.

Ndugu zangu, mnalikumbuka pia jambo lililotokea majira ya mvua yaliyopita. Mama mmoja alishikwa na uchungu saa nane za usiku. Akaondoka na wifi yake kwa miguu kwenda kituo cha afya, akatumbukia kwenye korongo lililo karibu na kona ya migomba. Tunamshukuru Mungu mtoto alizaliwa salama. Lakini mama alivunjika mkono, akamnyonyesha mwanawe wiki sita mkono ukiwa kwenye plasta. Korongo lile sote tulilijua. Tulilijua mchana.

Baada ya mkutano ule tuliichana karatasi yetu na tukaamua kujifunza upya. Kamati ilituma watu watano, wanawake watatu na wanaume wawili, wakaangalie taa za njiani katika miji ya Jinja na Mbale. Baadhi yenu mliuliza kwa nini upande ule wa mashariki. Sababu ni kwamba wengi wetu tuliokimbia Kenya mwaka 2008 tuliingia Uganda kwa njia ya Busia na Malaba, tukapokelewa Mulanda katika wilaya ya Tororo, na bado tuna jamaa wanaofanya biashara huko. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kusafiri ndani ya nchi, na malazi tulipewa na hao jamaa zetu. Nauli tuliichanga wenyewe.

Jinja ndipo umeme wa Uganda ulipopata nguvu. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na jirani yake yamefuata Kiira na Bujagali. Mtu angedhani kwamba mji uliokaa ubavuni mwa mabwawa matatu hauna haja ya taa za sola. Lakini tulipotembea mjini usiku tuliona nguzo zenye paneli zake juu na betri zake, hazina waya unaotoka popote. Tuliziona Mbale pia. Miji hiyo miwili ilikuwa miongoni mwa manispaa 14 zilizoingizwa katika mpango wa serikali wa kuboresha miji, ulioanza mwaka 2013 kwa fedha za Benki ya Dunia, na barabara zilizotengenezwa chini ya mpango huo ziliwekewa taa.

Tuliuliza kwa nini. Fundi mmoja alitueleza kwa lugha rahisi. Taa ya waya inadai mtaro, inadai nyaya, na kisha inadai bili kila mwezi, milele. Bili isipolipwa, barabara nzima huzimika usiku mmoja. Taa ya sola gharama yake kubwa iko mwanzoni, na tena siku betri inapochoka. Moja ikifa, za jirani yake zinaendelea kuwaka. Hapo tukaelewa kwamba kuishi karibu na bwawa si sawa na kuwa na mwanga mlangoni.

Jambo la pili tulijifunzia kwenye daraja jipya la Nile pale Jinja, lililofunguliwa Oktoba 2018. Lina urefu wa mita 525, na usiku nyaya zake nene huangaziwa hata mtu husimama kulitazama. Ni kazi nzuri. Lakini pale ndipo tulipotofautisha mwanga wa kutazamwa na mwanga wa kutazamia. Daraja la taifa lina haki ya kutazamwa. Lango la kambi yetu halina haja hiyo. Sisi tunahitaji mwanga wa kuonea tunapokanyaga, na wa kuonea uso wa mtu anayetujia kabla hajatufikia.

Mbale ilitufundisha habari ya mawingu na maji. Mji ule umekaa chini ya mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba, na mara nyingi mchana unapoendelea mawingu hushuka toka mlimani. Paneli isiyopata jua la kutosha leo, usiku wake taa itadai akiba ya jana. Isitoshe, mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Mbale ilifurika usiku, na watu zaidi ya ishirini wakafa. Tulisimama kandokando ya mto Nabuyonga tukajiambia: nguzo isisimamishwe kwenye mkondo wa maji kwa sababu tu ardhi pale ni laini kuchimba, na betri isifukiwe chini mahali panapojaa maji. Ikae juu ya nguzo, kwenye sanduku lililofungwa kwa boliti ambazo spana ya kawaida haizifungui.

Tuliporudi hatukuketi tena chini ya mwembe. Tulitembea. Usiku wa saa mbili tuliongozana na akina mama sita, wasichana wawili wa shule pamoja na mama zao, mkunga, na mzee wetu anayetembea kwa magongo. Tulichukua kamba ya mita 20, tukapima njia yote kutoka nyumba za mwisho, kupita vyooni, bombani, kona ya migomba, hadi kituo cha afya. Tulipata mita 640. Kila mahali ambapo mmoja wao alisema "hapa naogopa" au "hapa nilijikwaa" tuliweka jiwe. Asubuhi tulikwenda kuyahesabu mawe. Mengi yalikuwa yamekusanyika sehemu mbili tu: kati ya vyoo na bomba, na pale kona ya migomba penye korongo. Kwenye barabara ya ofisi hapakuwa na jiwe hata moja. Waswahili walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi tuliketi ofisini, wenzetu ndio waliokuwa wakipita gizani.

Usiku ule pia tuliambiwa jambo ambalo halisemwi mkutanoni. Wasichana wengi jua likishatua hawaendi chooni. Hutumia kopo ndani ya nyumba hadi kupambazuke, na wengine huacha kunywa maji tangu alasiri. Tunalitaja hapa, kwa ruhusa ya waliotuambia, ili wageni wetu wajue kwamba choo kilichojengwa kwa gharama kubwa huwa cha nusu siku kama njia yake ina giza.

Sasa tueleze hesabu, maana kupanga taa bila hesabu ni kubahatisha.

Kwanza, urefu wa nguzo na nafasi kati yake. Njia ya miguu haihitaji nguzo ndefu kama ya barabara kuu. Nguzo ya mita 4.5 inatosha, na ni rahisi kuifikia kwa ngazi wakati wa kuisafisha. Kwa urefu huo tumepanga nafasi ya mita 16. Wako waliotushauri tuzitawanye nguzo 12 njia nzima. Tuligawanya: mita 640 kwa nguzo 12 ni zaidi ya mita 50 kati ya nguzo na nguzo. Hapo unapata madoa ya mwanga mkali na giza katikati, na jicho likitoka kwenye mwanga mkali haraka huwa kama limefumbwa. Mtu mbaya husimama pale pale katikati, anakuona nawe humwoni. Mwanga wa wastani ulioungana ni bora kuliko mwanga mkali uliokatika.

Pili, nguvu ya taa na akiba ya betri. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo usiku wetu ni wa saa 12 mwaka mzima, kiangazi na masika. Taa ya LED ya wati 10 yatosha kwa nguzo fupi. Tukiiacha iwake kwa nguvu zote saa nne za mwanzo, watu wanapopita kwa wingi, kisha ishuke nusu kwa saa nane zilizobaki, itatumia wati-saa 40 na tena 40, yaani 80 kwa usiku. Tunataka akiba ya usiku mitatu kwa ajili ya siku za mawingu: hiyo ni 240. Betri ya lithiamu si vizuri kuikausha kabisa, tuiachie sehemu moja ya tano. Basi tunahitaji betri ya wati-saa 300. Na paneli: tukihesabu saa nne za jua zuri kwa siku mbaya, na tukitoa theluthi hivi kwa upotevu, wati 30 ndiyo kiwango cha chini. Tumeomba wati 40. Mtu akituletea taa iliyoandikwa wati 200 sandukuni huku paneli yake ni ndogo kama sahani, tumwombe atuonyeshe hesabu yake.

Tatu, kivuli na mwelekeo. Taa mbili kati ya zile za zamani zilizokufa mapema tulizisimika wenyewe chini ya mwembe, kwa kuwa pale ndipo tulipozoea kukaa. Paneli ilikuwa kivulini tangu saa tano asubuhi. Betri haikushiba hata siku moja. Kosa lilikuwa letu. Safari hii kila mahali pa nguzo tumepaangalia asubuhi, adhuhuri na alasiri kabla ya kuchimba. Paneli nayo iinamishwe kidogo, ingawa jua letu hupita karibu na utosi, ili mvua ioshe vumbi.

Nne, rangi na upande wa mwanga. Mwanga mweupe wa kibuluu huvuta wadudu zaidi. Pale Jinja, karibu na ziwa, tuliona vidudu vilivyojazana kwenye taa hata kioo kikafifia. Tumechagua mwanga wa manjano kidogo, wenye kofia juu, uelekee njiani na si kwenye madirisha ya watu waliolala.

Kwa hesabu hizo, mpango tunaouleta kwenu ni huu. Nguzo 5 kati ya vyoo na bomba, na nguzo 7 kuanzia kona ya migomba hadi mlango wa kituo cha afya. Jumla ni kama mita 190 za mwanga ulioungana. Lango kuu halina nguzo. Ofisi haina nguzo.

Ndugu zetu wa nyumba za mwisho, hapa tunazungumza nanyi moja kwa moja. Mita 450 zinabaki bila taa, na sehemu kubwa ya hizo ni njia yenu. Hatutawaficha wala kuwaambia kwamba zamu yenu iko njiani wakati hatujaahidiwa. Tunachoweza kufanya bila kumngoja mtu ni haya: korongo lote lifukiwe na liwekewe mawe, uzio wa mahindi usogezwe hatua mbili kutoka njiani, na mawe yapakwe chokaa kila hatua tano pande zote mbili, ili hata kwa mbalamwezi au tochi ndogo njia ionekane. Na tochi za sola za mkononi zikifika, nyumba zenu zianze kupewa. Zikija nguzo nyingine, jiwe la kwanza liko kwenu. Jambo hili limeandikwa katika daftari la kamati na limetiwa sahihi.

Kwa wageni wetu wa mashirika tuna maneno matatu, tunayasema kwa heshima. La kwanza: msitupe hesabu ya nguzo kabla ya kutembea nasi usiku. Tunajua magari yenu yanatakiwa kurudi mapema, lakini usiku mmoja kwa mwaka unatosha. La pili: bajeti ya taa iwe na fungu la betri. Hata betri nzuri huchoka baada ya miaka kadhaa, na picha ya siku ya ufunguzi haiwashi taa mwaka wa sita. La tatu: taa peke yake si ulinzi. Uchunguzi wa Oxfam na Chuo Kikuu cha Loughborough, uliofanywa Iraq, Nigeria na Uganda na kutolewa mwaka 2018, ulionyesha kwamba taa huwapa watu moyo wa kutumia vyoo usiku, lakini hatari haiondoki kwa taa tu. Choo kisicho na komeo ndani ni hatari hata kikiwa na mwanga mbele. Basi tunaomba makomeo pamoja na taa. Komeo ni bei ndogo sana.

Kwa wakazi wenzetu nasi tuna neno. Kila nguzo itakuwa na nyumba mbili za kuilea, moja kila upande wa njia. Kazi yao ni kupanguza paneli mara moja kwa mwezi, kukata tawi likianza kutia kivuli, na kutoa habari siku ile ile taa ikizimika. Tumependekeza mchango wa shilingi 500 kwa nyumba kwa mwezi, usomwe hadharani kila mwisho wa mwezi, na asiye na uwezo asidaiwe. Fedha hizo ni za betri na fundi, si za chai ya kamati. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na atakayejaribiwa kuiba betri akumbuke kwamba hataiibia kamati, atamwibia mama anayekwenda kujifungua.

Tuna vijana wanne waliojitolea kujifunza ufundi wa taa hizi. Tunaomba shirika lolote lenye fundi liwakubalie wafanye kazi naye siku za kusimika, washike spana wenyewe, maana hao ndio watakaobaki hapa gari likishaondoka.

Ndugu Mwenyekiti, yule mama mzee aliyetuuliza habari ya ofisi yuko hapa leo, ameketi mstari wa pili. Tulimpelekea mpango mpya kabla ya kuuleta kwenu. Aliusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: kama nguzo ya kona ya migomba itasimama kabla ya korongo au baada yake. Tukamwambia kabla. Akasema, "Hapo sawa."

Tunaomba mkutano huu uupokee mpango, au urekebishwe na wale wanaopita njiani usiku. Kidole kimoja hakivunji chawa.